Kuishi kwa Kikapu: Mwongozo Kamili kwa Kijana Anayetaka Kulipwa kwa Kucheza

Usiku wa Juni 25, 2009, mjini New York, jina la kwanza kutajwa kwenye drafti ya NBA, yaani usiku ambao timu za ligi kuu ya kulipwa ya Marekani huchagua wachezaji wapya, lilikuwa la Blake Griffin. La pili lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15. James Harden alifuata wa tatu. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya 7.

Simulizi nyingi za Hasheem huishia hapo, au hurukia moja kwa moja kwenye lawama. Mimi naona yaliyotokea baada ya usiku ule ndiyo yenye faida kwa kijana anayetaka mchezo huu umlishe. Alicheza NBA misimu mitano, michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na rebaundi 2.7. Baadaye akaendelea kulipwa katika ligi ya maendeleo ya Marekani, iliyo ngazi moja chini ya NBA, kisha Japani, kisha Taiwan. Amepita karibu kila kituo ambacho mchezaji wa kulipwa hupita, cha juu na cha chini. Kwa hiyo tutamfuata yeye, na pale njia yake isipotosheleza tutawaita wengine: Dikembe Mutombo wa Kinshasa, Jonathan Kuminga wa Goma, Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Madina Okot wa Kenya.

Hatua ya 1: Jipime, na vyeti vyako viseme kitu kimoja

Vua viatu, simama ukutani, mwenzako akuwekee alama. NBA tangu 2019 inataka kimo kipimwe bila viatu, kwa hiyo sentimita za soli hazimdanganyi mtu tena. Pima pia mikono ikiwa imetandazwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, maana kocha wa nje anaweza kuuliza hilo kabla hajauliza unafunga pointi ngapi. Andika tarehe, rudia kila baada ya miezi mitatu.

Hasheem ana mita 2.21. Kwa kimo hicho swali la nafasi ya kucheza halipo: wewe ni senta. Wengine wote wajiulize. Kwetu kijana akifika mita 1.93 anaambiwa asimame chini ya ringi, na hapo ndipo anapozeekea. Akitoka nje anakuta watu wa kimo chake wanacheza gadi, wanadunda mpira kwa mikono yote miwili na kufunga kutoka mbali. Kuminga, mwenye mita 2.01 hivi, anashambulia akitokea pembeni, mpira ukiwa mkononi mwake. Kama kocha wako hakuruhusu kudunda mpira kwenye mechi, dunda nyumbani.

Kisha vyeti. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, ofisi ya usajili wa vizazi Tanzania, pasipoti, cheti cha shule ya msingi na fomu ya usajili wa ligi vyote vionyeshe tarehe moja na jina moja, herufi kwa herufi. Wapo wanaoshauri umri upunguzwe ili kijana aonekane ana kipaji cha ajabu. Usikubali. Tarehe mbili tofauti ndicho kitu cha kwanza ambacho afisa wa viza au mkaguzi wa chuo atakiona, na wewe utakuwa umeshapanda ngazi ambayo huwezi kuieleza ilijengwaje. Ujue pia kwamba drafti ya NBA ina umri wake: lazima utimize miaka 19 ndani ya mwaka huo, na mchezaji wa kimataifa huingia moja kwa moja mwaka anaotimiza 22, hata kama hakuomba.

Hatua ya 2: Kapime moyo kabla ya goti

Hili huachwa na karibu kila mwongozo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa Marfan, unaodhoofisha tishu zinazoshikilia viungo na mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Dalili zake za nje ni zile zile ambazo makocha wanazitafuta: kimo kirefu, mikono mirefu, vidole virefu na vyembamba. Juni 2014 Isaiah Austin wa chuo kikuu cha Baylor aligunduliwa kuwa nao siku chache tu kabla ya drafti. NBA ikamwita jukwaani kwa heshima, lakini hakuna timu iliyoweza kumchukua usiku ule.

Kama wewe ni mrefu kupita ukoo wenu wote, au kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwambie daktari hivyo kabla hujaanza mazoezi mazito. Omba kipimo cha umeme wa moyo na picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Dar es Salaam vipo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Hifadhi majibu, klabu ya kwanza ya kulipwa itakuuliza, na jalada lililokwishaanza ni kinga yako.

Majeraha mengine ni ya kila siku: kifundo cha mguu na goti. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji, na saruji haimsamehe anayeruka mara mia kwa siku. Jifunze kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na hayaingii ndani. Simama kwa mguu mmoja dakika moja moja ukipiga mswaki. Ni zoezi la bure na linaimarisha kifundo kuliko bandeji yoyote ya dukani.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya mchezo unaokwenda kuuchezea

Msimu wake wa mwisho chuo kikuu cha Connecticut, 2008–09, Hasheem alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na mipira 4.2 ya kuzuia kila mchezo. Timu ya kocha Jim Calhoun ilifika nusu fainali ya kitaifa mjini Detroit. Tuzo ya mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, aliichukua mara mbili, 2008 na 2009. Kisha akaenda NBA, na msimu wa kwanza akapata dakika 13 tu kwa mchezo.

Sababu ni kadhaa. Memphis Grizzlies waliomchukua tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo. Ila mojawapo ya sababu ni ya kiufundi, nayo inamhusu kila mrefu anayesoma hapa: sheria hazifanani. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, na katika sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea Afrika Mashariki, mlinzi anaruhusiwa kukaa chini ya ringi muda wote anaotaka. NBA inakataza. Huko mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kubaki ndani ya eneo lililopakwa rangi chini ya ringi zaidi ya sekunde 3. Senta aliyezoea kulinda lango analazimika kutoka, kurudi, kutoka tena, na kumfuata mtu mfupi mwepesi hadi nje ya mstari wa pointi tatu. Mstari wenyewe uko mita 6.75 kwa FIBA na mita 7.24 kwa NBA, kwa hiyo uwanja wa kulinda ni mpana zaidi. Mchezo una dakika 48 badala ya 40.

Kwa hiyo mrefu afanye mazoezi ya miguu kabla ya kitu kingine. Kuteleza kwa upande kutoka mstari hadi mstari, makalio chini, bila kupishanisha miguu. Kukimbilia mpigaji na kusimama kabla hajaruka. Kugeuka kwa mguu mmoja uliokita, kulia na kushoto. Kuweka skrini, yaani kumzibia njia mlinzi kwa mwili wako, ukiwa umetulia, kisha kukata kuelekea ringi mikono ikiwa juu tayari kupokea. Mwombe mwenzako akurushie pasi mbovu kwa makusudi, za chini na za nyuma, kwa sababu mikono migumu imewamaliza masenta wengi kuliko kasi ndogo.

Asubuhi kabla ya shule fanya zoezi la Mikan: mpira chini ya ringi, kulia, kushoto, bila kuushusha chini ya kidevu, dakika tano, pumzika, dakika tano tena. Jioni baada ya mazoezi ya timu, ukiwa umechoka hasa, piga mitupo huru kumi kumi na uandike ngapi zimeingia. Anayepiga mitupo huru asubuhi akiwa mpya anajidanganya; kwenye mechi utaipiga ukihema.

Wafupi nanyi: hakuna klabu ya nje inayomlipia tiketi ya ndege gadi wa mita 1.80 anayefunga pointi 15 katika ligi ya mkoa. Wako wengi kila nchi. Atalipwa anayemnyima mpinzani usingizi kwa ulinzi, asiyepoteza mpira akibanwa na watu wawili, na anayefunga pointi tatu akiwa ameachwa peke yake.

Na kwa wanaofunga Ramadhani: mfano upo. Hakeem Olajuwon, senta mzaliwa wa Nigeria, alifunga akiwa katikati ya msimu wa NBA, na Februari 1995, mwezi ulioangukia Ramadhani, alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Panga mazoezi ya nguvu baada ya futari, na mchana uwe wa mitupo na kutembea. Kocha mwambie mapema. Usimwachie abahatishe kwa nini umepungua kasi.

Hatua ya 4: Cheza mahali pa kuonekana

Ngazi ziko hivi kwa Tanzania: UMISSETA kwa shule za sekondari, halafu michezo ya shule za Afrika Mashariki, ligi ya mkoa, ambayo Dar es Salaam inajulikana kama BDL, kisha mashindano ya taifa. Viwanja kama Don Bosco Upanga na kituo cha JMK Kidongo Chekundu vimelea wachezaji wengi. Ukiwa mjini na hujawahi kwenda kushuhudia ligi ya mkoa ikichezwa, anzia hapo wiki hii.

Juu ya ngazi za nyumbani ipo BAL, ligi ya klabu bingwa za Afrika iliyoanza 2021 Kigali. Zamalek ya Misri ilichukua kombe la kwanza. Klabu za ukanda wetu zimeshafika: REG na APR za Rwanda, City Oilers ya Uganda, Dynamo ya Burundi, Nairobi City Thunder ya Kenya mwaka 2025. Dynamo wenyewe waliondolewa Pretoria, Machi 2024, baada ya kukataa kuvaa jezi yenye tangazo la utalii la Rwanda. Wachezaji wakarudi nyumbani bila kuonyesha yote waliyonayo. Nalitaja kwa sababu kazi hii ina mambo ambayo bidii yako haiwezi kuyafikia, na ni vizuri uyajue ukiwa bado kijana.

Wanaotafuta vipaji wana kambi zao. Basketball Without Borders imekuwa ikifanyika Afrika tangu 2003. Giants of Africa ya Masai Ujiri, Mnigeria aliyewahi kuongoza klabu za NBA, ilianza mwaka huo huo. NBA ina akademia yake Senegal tangu 2017, nayo iko Saly. Kambi hizi huchagua watu kupitia mashirikisho ya nchi na makocha, kwa hiyo kujulikana na TBF, shirikisho la Tanzania, au KBF la Kenya kuna maana yake. Kocha wa timu ya taifa ya vijana akikuita, nenda, hata kama nauli unajilipia.

Video ndiyo pasipoti ya pili. Tengeneza vipande viwili: kimoja cha dakika tatu chenye mambo yako mazuri, na kingine cha mchezo mzima bila kukatwa. Kocha makini ataangalia cha kwanza sekunde thelathini, kisha atafungua cha pili kuona unafanya nini mpira ukiwa mbali nawe. Simu iwekwe juu, katikati ya uwanja, ikae imara. Mwanzoni weka jina, tarehe ya kuzaliwa, kimo, shule, namba ya jezi na rangi yake. Muziki toa.

Mabinti, njia yenu siku hizi iko wazi kuliko ilivyokuwa. Madina Okot alicheza Zetech ya Kenya, mwaka 2024 akaenda Mississippi State, na mwaka uliofuata akahamia South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za wanawake vyuoni Marekani. Na bandari ya Mombasa, kupitia timu ya wanawake ya KPA, imekuwa ikiajiri wachezaji kwa miaka mingi. Kazi ya bandarini na mpira jioni nayo ni njia halali ya kuishi kwa kikapu.

Hatua ya 5: Shule, mahali ambapo wengi huanguka

Hasheem hakuruka kutoka Dar hadi NBA. Alipitia sekondari ya Cypress Christian mjini Houston, akamaliza 2006, kisha miaka mitatu chuoni. Mutombo alifika chuo kikuu cha Georgetown 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari, na timu ya kikapu aliingia baadaye. Akahitimu 1991, akachaguliwa wa 4 na Denver, akacheza misimu 18 na kuwa mlinzi bora wa mwaka mara nne.

Ukitaka chuo cha Daraja la I Marekani, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na mengine yanayokubalika. Wastani wa alama usiwe chini ya 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Matokeo yako ya NECTA au KNEC, mabaraza ya mitihani ya Tanzania na Kenya, yatakaguliwa na kituo chao cha usajili, na yatatakiwa yatoke kwa chombo husika. Nakala uliyopiga kwa simu haitoshi. Mtihani wa SAT wenyewe NCAA hawaulazimishi tena, ila vyuo vingine bado wanautaka.

Muda ndio mtego. Ukishamaliza sekondari kwa wakati wa kawaida wa nchi yako, una kama mwaka mmoja wa kujiunga na chuo. Ukiendelea kucheza mashindano rasmi baada ya hapo, unaanza kupunguziwa misimu ya kucheza chuoni. Vijana wetu wengi wanamaliza kidato cha nne, wanacheza ligi ya mkoa miaka mitatu wakisubiri bahati, na bahati inapokuja wanaambiwa msimu umebaki mmoja. Sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma toleo la mwaka wako kwenye tovuti ya NCAA yenyewe, usimsikilize mtu wa kijiweni.

Kwa anayekwenda akiwa bado sekondari: viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu shule ya serikali ya Marekani zaidi ya miezi 12, na hata hiyo miezi 12 lazima gharama yote ilipwe. Ndiyo maana wanaotoka Afrika utawakuta katika shule binafsi. Shule ikikukubali inakutumia fomu I-20. Bila fomu hiyo huwezi kulipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, hakuna miadi ya ubalozi, hakuna safari. Mtu akikuambia ana nafasi yako lakini anataka "hela ya kushikilia" kabla hujaiona I-20 yenye jina lako, mwache aende zake. Mzazi, piga simu shuleni mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Uliza ada inalipwa na nani, mtoto atalala kwa nani, na nini kitatokea akivunjika mguu. Majibu yaje kwa maandishi.

Wachezaji wa vyuo siku hizi wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Wewe wa F-1 usikurupuke. Viza hiyo inabana kazi, na dili la viatu linaweza kukufukuzisha nchini. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Pita huko kabla ya kusaini chochote.

Njia za mkato zipo na hufungwa bila taarifa. Kuminga aliondoka Kongo 2016, akasoma sekondari Marekani, hakupitia chuo bali akaenda timu ya Ignite ya ligi ya maendeleo, na 2021 Golden State wakamchukua wa 7. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa. Ignite ilifungwa 2024. Aliyekuwa amepanga kuifuata njia hiyo ilibidi apange upya.

Hatua ya 6: Wakala, mkataba na karatasi moja inayosahaulika

Wakala wa NBA lazima awe na leseni ya chama cha wachezaji, na hawezi kukata zaidi ya asilimia 4 ya mshahara. Nje ya huko, tafuta mwenye leseni ya FIBA. Desturi ni takriban asilimia 10, mara nyingi ikilipwa na klabu. Anayekuomba wewe hela kwanza si wakala.

Drafti ina raundi mbili. Waliochaguliwa raundi ya kwanza wanapata mkataba ambao miaka miwili ya mwanzo imehakikishwa, mwaka wa tatu na wa nne ni chaguo la klabu. Soma hilo mara mbili. Hasheem aliyechaguliwa wa pili hakufikia mwaka wa nne wa mkataba wake wa kwanza. Julai 2012 alikuwa huru na akasaini na Oklahoma City. Wa raundi ya pili hawana uhakika huo. Chini yao kuna mkataba wa njia mbili, ulioanza 2017, ambapo mchezaji anagawa msimu kati ya timu ya NBA na ya ligi ya maendeleo.

Ukisaini Ulaya, Asia au Afrika, tafuta haya kwenye mkataba: mshahara ni kabla au baada ya kodi, unalipwa tarehe ngapi, nyumba na tiketi za ndege ni za nani, ukiumia unaendelea kulipwa muda gani, na siku ngapi za kuchelewa zinakupa ruhusa ya kuondoka. Kisha hakikisha kuna kifungu kinachosema migogoro itapelekwa kwenye BAT, baraza la usuluhishi la kikapu lililoanzishwa na FIBA 2007. Bila kifungu hicho utabaki unashitaki katika mahakama ya mji usioujua, kwa lugha usiyoijua, dhidi ya klabu ambayo hakimu ni shabiki wake. Hilo la hakimu ni utani, lakini si sana.

Karatasi inayosahaulika ni barua ya kuruhusu uhamisho. Mchezaji wa miaka 18 na zaidi anayehama nchi hawezi kusajiliwa mpaka shirikisho la alikotoka lithibitishe yuko huru. Kama unadaiwa jezi na klabu ya zamani, au uliondoka kwa ugomvi, hapo ndipo itakapokurudi. Waage watu vizuri. Kwa walio chini ya 18, uhamisho wa kimataifa kwa ajili ya mpira umekatazwa isipokuwa kwa sababu maalumu.

Hatua ya 7: Mwaka wa kwanza kazini

Februari 2010, miezi minane tu baada ya drafti, Memphis walimpeleka Hasheem kwa Dakota Wizards wa ligi ya maendeleo, Bismarck, North Dakota. Hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Vyombo vya habari viliiandika kama aibu. Mimi nasema senta aliyeanza kucheza akiwa na miaka 15 alihitaji dakika kuliko alivyohitaji benchi la starehe, na ukipelekwa chini nenda na daftari.

Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis. Machi 2012 akauzwa tena, kwenda Portland, pamoja na Jonny Flynn. Flynn alikuwa namba 6 wa drafti ile ile ya 2009. Namba 2 na namba 6 wakatolewa kwa pamoja kumpata Marcus Camby, senta wa miaka 37. Hivyo ndivyo soko linavyofikiri: linataka atakayesaidia wiki hii.

Kwa hiyo usifungue masanduku yote. Kodi nyumba kwa mkataba mfupi, nyaraka zako zote ziwe ndani ya begi moja. Msimu wa NBA una michezo 82 kati ya Oktoba na Aprili, na nusu ya usingizi wako utakuwa wa hoteli. Jifunze kupika vyakula viwili vitatu vya nyumbani. Wali maharage huko Bismarck mwezi Februari ni dawa ya upweke.

Hatua ya 8: Kuhama ligi bila kuhama kazi

Baada ya Oklahoma City, Hasheem alipita Grand Rapids ya ligi ya maendeleo, msimu wa 2017–18 akawa Yokohama, Japani, akarudi Marekani na Fort Wayne, kisha Taiwan. Kuna wanaoita hiyo kuporomoka. Hesabu miaka: zaidi ya kumi baada ya drafti, mtu yule bado analipwa kwa kucheza.

Ligi za Asia na Ulaya zina kikomo cha wageni, na mgeni anachukuliwa ili abebe timu. Nyumbani unaruhusiwa usiku mbaya. Mgeni akiwa na wiki mbili mbaya, mwingine yuko uwanja wa ndege. Fika ukiwa tayari kimwili, maana hakuna mwezi wa kukuandaa.

Na uraia ufikirie kwa makini kabla ya kubadili. Kwa FIBA, aliyepata uraia wa nchi baada ya kutimiza miaka 16 anahesabiwa mgeni aliyeasilishwa, na timu ya taifa inaruhusiwa mmoja tu wa namna hiyo.

Hatua ya 9: Fedha na ndugu

Mshahara wa NBA unaosomwa gazetini haufiki mfukoni. Serikali kuu inakata, majimbo mengi unakocheza yanakata hata kama uliingia jana na kutoka leo, ligi inashikilia sehemu kama dhamana, wakala anachukua chake. Kisha simu kutoka nyumbani inaita.

Ushauri wangu ni mmoja. Mteue mtu mzima mmoja katika ukoo, shangazi au mjomba asiye na tamaa, ndiye apokee maombi yote, na wewe umpe fungu la mwaka lenye kikomo. Likiisha limeisha hadi mwakani. Utaonekana mchoyo msimu wa kwanza, wa pili watazoea. Mambo makubwa yaje baadaye, kwa mpango: hospitali ya Mutombo iliyobeba jina la mama yake, Biamba Marie, ilifunguliwa Kinshasa 2007, akiwa amecheza misimu mingi. Biyombo naye alitangaza kuutoa mshahara wake wote wa msimu wa 2021–22 kwa ajili ya hospitali ya kumkumbuka baba yake. Wote wawili walikuwa wameshajenga msingi wao kwanza.

Hatua ya 10: Andaa kutoka ukiwa bado unaruka

Mchezaji wa NBA anaanza kustahili pensheni baada ya misimu mitatu. Ligi nyingi nyingine hazina kitu kama hicho, na ligi zetu za nyumbani ndiyo kabisa. Anayecheza Tanzania anaweza kujiandikisha NSSF kama mwanachama aliyejiajiri na kuchangia mwenyewe. Anayecheza nje aulize, kabla ya kusaini, kama makato yake ya hifadhi ya jamii yanarudishwa akiondoka nchini. Baadhi ya nchi, Japani ikiwemo, hurudisha sehemu kwa mgeni anayeomba ndani ya muda uliowekwa.

Kozi ya ukocha ngazi ya kwanza ifanye wakati wa likizo ya msimu, ukiwa bado jina lako linaitwa uwanjani. Kozi ya waamuzi pia. Utajifunza sheria ambazo umekuwa ukizivunja bila kujua. Na kama uliacha chuo mwaka wa tatu, omba nakala ya alama zako sasa hivi na uulize chuo kinapokea wanaorudi kwa masharti gani, kwa sababu ofisi ya masajili itakujibu haraka zaidi ukiwa bado na namba ya mwanafunzi inayofanya kazi.